Siagi ya nyumbani Nairobi: kutoka malai hadi kipande kinachokatika kwa kisu

Mama mkwe wangu, kule Bomet, husuka maziwa alfajiri, kabla jua halijagusa paa la jikoni. Kwa miaka mingi nilidhani ni mazoea ya mtu wa kuamka mapema. Kisha nikajaribu kutengeneza siagi mwenyewe katika nyumba yetu ya Umoja, saa nane mchana, mwezi wa Februari. Nilitikisa chupa nusu saa nzima nikapata uji wa mafuta uliogoma kushikana, unaopaka kila chombo na usiotoka vidoleni. Nilipompigia simu kumweleza, hakuniuliza nimetikisa muda gani. Aliuliza, "Mwanangu, hayo malai yalikuwa baridi?"

Tangu siku hiyo nimetengeneza siagi karibu kila wiki, na nikitazama nyuma, kila iliyoniharibikia iliharibiwa na joto. Nguvu ya mkono haina kazi kubwa hapa. Ukijua malai yako yana joto kiasi gani kabla ya kuanza, yaliyobaki ni mepesi.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Ukiomba siagi katika duka la mtaani, mara nyingi utapewa kopo la Blue Band, kwa kuwa tumezoea kuita siagi chochote cha manjano kinachopakwa kwenye mkate. Ile ni majarini. Ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na mkemia Hippolyte Mège-Mouriès, serikali ya Napoleon III ilipotafuta kitu rahisi cha kushika nafasi ya siagi. Siku hizi hutengenezwa zaidi kwa mafuta ya mimea. Siagi hutoka kwenye maziwa peke yake: angalau asilimia 80 ni mafuta ya maziwa, maji yasizidi asilimia 16, na kiasi kidogo kilichobaki ni protini na sukari ya maziwa. Ukishaonja ya kwako mwenyewe ikiwa mbichi, hutahitaji kuelezwa tofauti.

Malai utayapata wapi

Njia ni mbili, na mfuko wako ndio utakaochagua.

Ya kwanza ni kununua malai, au krimu kama inavyoitwa supamaketi. Soma pakiti kwa makini. Tafuta yenye mafuta ya maziwa asilimia 35 au zaidi, na ambayo orodha yake ya viambato ni fupi. Kuna krimu nyepesi za kupikia zenye mafuta machache. Hizo zitakuchosha bure. Na kuna ile ya kupambia keki iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, inayokaa rafu moja na krimu halisi, pakiti zikifanana. Hiyo ukiipiga hata mpaka usiku haitakupa siagi, kwa sababu ndani yake hamna mafuta ya maziwa. Krimu za kukaa muda mrefu nje ya friji hufanya kazi, ila nyingine zimewekwa vitu vya kuzifanya zisijitenge, kwa hiyo huchukua muda zaidi.

Nusu lita ya krimu ya asilimia 35 itakupa karibu gramu 200 za siagi, na zaidi ya robo lita ya mtindi, yaani yale maji meupe yanayobaki siagi ikijitenga. Piga hesabu na bei ya duka lako kabla hujaanza. Mara nyingi siagi ya krimu ya kununua haipungui bei ya siagi iliyotengenezwa tayari. Unachopata ni ladha na uhakika wa kilichomo. Anayetaka kuokoa pesa apite njia ya pili.

Njia ya pili ni kuengua malai kwenye maziwa yenyewe. Hapa yanahitajika maziwa ambayo mafuta yake bado yanaweza kupanda juu. Maziwa mengi ya pakiti yamesukumwa kiwandani kwa shinikizo kubwa kupitia vitundu vidogo mno, matone ya mafuta yakavunjwavunjwa hata hayana uwezo tena wa kuelea. Ndiyo maana unaweza kuyaweka kwenye friji siku mbili usione hata utepe wa malai. Maziwa ya mashine ya mtaani, ile tunayoita ATM, yajaribu: weka nusu lita kwenye chupa ya kioo usiku kucha, asubuhi uitazame kwa ubavuni. Ukiona mstari, juu pakiwa pazito na pa manjano kidogo, umepata. Lakini yaliyo bora ni ya mfugaji unayemjua, awe Kiambu, Limuru, Ngong au hata Ruai. Muulize ana ng'ombe gani. Friesian hutoa maziwa mengi yenye mafuta ya wastani, yapata asilimia 3.5, Ayrshire humzidi kidogo, Jersey hufika asilimia 5, na matone yake ni makubwa, hupanda haraka. Kwa kazi hii, lita tatu za Jersey nazipenda kuliko lita tano za Friesian.

Mimina maziwa mabichi kwenye sufuria pana iliyo safi kabisa, funika, weka kwenye friji saa 12 hadi 24. Upana unasaidia kwa sababu malai hayana safari ndefu ya kupanda. Kisha engua kwa kijiko kipana au upawa, polepole, ukiuingiza karibu mlalo. Lita 5 za maziwa yenye mafuta asilimia 4 zina karibu gramu 200 za mafuta. Huwezi kuyakamata yote kwa mkono, na ukimaliza na gramu 150 za siagi umefanya kazi nzuri.

Hapa sitakubali njia ya mkato: malai mabichi lazima yapashwe moto. Bruselosi, ugonjwa unaompata mtu kupitia maziwa mabichi, ipo kwa mifugo wetu, na haionekani kwa macho wala haina harufu. Tia malai kwenye bakuli, liweke bakuli juu ya sufuria ya maji yanayotokota, koroga mpaka kipimajoto kisome nyuzi 80. Malai huhitaji moto zaidi kidogo kuliko maziwa kwa sababu mafuta huwakinga vijidudu. Kama huna kipimajoto, subiri mpaka yatoe mvuke na vipovu vidogo vianze kuonekana ukingoni. Kisha yapoze haraka kwa kuliweka bakuli ndani ya maji ya baridi. Maziwa yaliyobaki chini ya malai yachemshe kama kawaida. Ni ya chai, na watoto hawatajua kuwa kuna kilichotolewa.

Wengi wetu huchemsha maziwa kwanza, halafu asubuhi tunakuta ule utando mzito juu. Huo pia ni wa kukusanya. Weka kila siku kwenye kopo lenye kifuniko ndani ya friza. Wiki ikiisha utakuwa na wa kutosha. Uyeyushe ndani ya friji usiku kucha, usiuache juani.

Vyombo

Chupa ya kioo ya mdomo mpana yenye kifuniko kisichovuja, ya lita moja kwa nusu lita ya malai, kwa sababu nusu ya chupa lazima ibaki wazi. Chujio, bakuli, mwiko wa mbao, maji ya baridi yaliyochemshwa tangu jana. Mwenye mashine ya kupigia keki aitumie. Blenda inafaa kwa kiasi kidogo, kwa mwendo wa chini na kwa kuzimazima, ila hupasha malai moto upesi kuliko unavyodhani. Kipimajoto cha jikoni ndicho kifaa cha pekee ambacho ningekushauri ununue.

Baridi ya kutosha, isiyopita kiasi

Ndani ya maziwa, mafuta huelea kama matone madogo mno, kila tone limevaa utando mwembamba unaolizuia kushikana na jirani yake. Kusuka ni kuyagonganisha matone hayo mpaka utando upasuke, mafuta yashikane. Sasa fikiria hali ya mafuta yenyewe. Yakiwa na joto ni majimaji, huteleza na kuchanganyika na maji ya maziwa yakawa ule uji wangu wa Februari. Yakiwa baridi mno ni magumu kama kokoto, hugongana bila kunatana. Katikati, kati ya nyuzi 10 na 14 za Selsiasi, sehemu yameganda na sehemu ni laini. Hapo ndipo hunatana.

Kwa hiyo malai kwanza yalale kwenye friji usiku mzima, hasa yakiwa yametoka motoni, ili mafuta yagande vizuri ndani ya matone. Ukiyapoza saa moja tu, yatasoma baridi kwenye kipimajoto huku mafuta yake bado hayajatulia. Kosa hili nimeliona kwa wengi niliowafundisha, nao hulaumu ng'ombe.

Friji huwa karibu nyuzi 4, kwa hiyo asubuhi yatoe yakae nje kidogo. Muda gani? Inategemea mwezi. Julai, Nairobi ikiwa na mawingu tangu asubuhi na jikoni pamepoa, huchukua saa moja na zaidi. Februari au Machi, nusu saa inatosha, na chupa huhitaji kuingizwa kwenye beseni la maji yenye barafu kila baada ya dakika chache. Kama huna kipimajoto, gusisha chupa kwenye shavu: iwe na baridi ya maji ya mtungini, isiwe ile baridi ya friji inayouma. Kwa mashine anza chini kidogo, nyuzi 8 hadi 10, kwa sababu msuguano utaongeza joto wenyewe.

Asiye na friji asikate tamaa. Mama mkwe wangu hana. Chupa ya malai hukaa usiku kucha kwenye ndoo ya maji, imefungwa kitambaa kilicholowa, mahali penye upepo, naye huanza kazi kabla ya mapambazuko. Nairobi ina alfajiri za baridi karibu mwaka mzima. Mombasa ningekuambia jambo jingine.

Kusuka

Jaza chupa nusu, funga, tikisa kwa mwendo sawa, juu na chini, kama mtu anayesukasuka kibuyu. Huna haja ya kukimbia. Ukichoka mpe mtoto, kisha mwenzake.

Mwanzoni utasikia maji yakicheza ndani. Baada ya dakika chache sauti hupotea kabisa: malai yamejaa hewa, yamekuwa povu zito, chupa inaonekana kama haina kinachosogea. Hapa ndipo wengi huacha wakidhani yameharibika. Endelea. Povu litakuwa gumu zaidi, kisha litaanza kupoteza ulaini wake na kuonekana kama lina mchanga. Rangi hugeuka, weupe ukielekea manjano. Halafu, ghafla, utasikia kishindo cha maji kikirudi, na kitu kizito kikigonga kioo. Siagi imejitenga na mtindi.

Kwa mkono ni dakika 10 hadi 20. Kwa mashine 5 hadi 10. Ukitumia mashine, funika bakuli kwa taulo safi na upunguze mwendo pindi uonapo chembe, la sivyo mtindi utaruka mpaka ukutani. Acha kusuka chembe zikiwa na ukubwa wa punje za mchele, zisizidi za mahindi. Ukiendelea mpaka libaki donge moja kubwa, umefungia mtindi ndani na kuuosha utoke itakuwa shida.

Ikipita nusu saa na povu bado limesimama vilevile, kuna uwezekano mkubwa ni baridi: ishike chupa kwa viganja au iweke kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika moja, kisha endelea. Ikiwa imekuwa laini, inang'aa na kunata kila mahali, ni joto: rudisha kwenye friji dakika 20, usiongeze nguvu. Siku ile ya Februari ningefanya hivyo tu na siagi ingepatikana.

Usijaribu haya kwa maziwa ya ngamia yanayouzwa mtaa wa Islii. Ni maziwa mazuri sana kwa kunywa na kwa chai, ila matone yake ya mafuta ni madogo na hushikana mno na protini, hivyo kuyapata kama siagi kwa chupa ya nyumbani ni kazi isiyolipa.

Kuosha na kukanda

Mwaga kila kitu juu ya chujio, bakuli likiwa chini kupokea mtindi. Uweke kando, una kazi.

Kilichobaki kwenye chujio kinapendeza, lakini bado hakijawa siagi ya kuweka. Katikati ya chembe kuna mtindi, na mtindi una sukari na protini ambazo bakteria hupenda. Siagi isiyooshwa huanza kuchacha baada ya siku mbili tatu, hata kwenye friji. Rudisha chembe kwenye bakuli, mimina maji ya baridi yaliyochemshwa, kiasi sawa na mtindi uliotoka. Nasisitiza yaliyochemshwa. Maji ya bomba hukatika, tunanunua ya mitungi, na si rahisi kujua yametoka wapi. Baridi yake iwe karibu sawa na ya siagi, nyuzi 10 hivi. Yakiwa na barafu tele siagi itakuwa jiwe, hutaweza kuikanda.

Koroga polepole, mwaga maji yaliyogeuka meupe, tia mengine. Mara tatu, wakati mwingine nne, mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia.

Halafu ni mwiko. Bonyeza siagi kwenye ubavu wa bakuli, ikunje, bonyeza tena. Matone ya maji yatachuruzika, yamwage. Ikande kwa kubonyeza tu, usiisugue wala kuizungusha, kwa sababu kusugua huipasha joto na kuifanya iwe na mafuta mafuta. Dakika tano hivi. Ukiikata kwa kisu na uso wa mkato ukabaki mkavu, bila vishanga vya maji, imekamilika. Hatua hii haipaswi kuharakishwa. Ndiyo inayotofautisha siagi ya wiki mbili na siagi ya siku tatu.

Rangi isikutie wasiwasi. Umanjano hutoka kwenye karotini ya majani mabichi. Ng'ombe akila nyasi za msimu wa mvua, siagi huwaka. Akila nyasi kavu, hupauka. Ya mbuzi huwa nyeupe kabisa, kwa kuwa mbuzi hugeuza karotini yote kuwa vitamini A.

Chumvi ni hiari. Kwa gramu 200, nusu kijiko cha chai ya chumvi laini, yaani gramu 3, ikandwe ndani na kuachwa dakika kumi. Itavuta maji zaidi; yamwage na ukande tena. Kwa keki mimi huacha bila chumvi. Funga kwenye karatasi ya kuokea, weka kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na vitunguu na omena, kwa sababu siagi hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani. Kwenye friji, iliyooshwa vizuri na kutiwa chumvi hukaa wiki mbili. Kwenye friza, miezi kadhaa.

Ukitaka ladha zaidi, tia mala

Hii ndiyo ninayoipenda kupita zote, na Nairobi imeumbwa kwa ajili yake. Kabla ya kulaza malai kwenye friji, yakishapoa kutoka motoni, changanya nusu lita na vijiko viwili vya mezani vya mala, yaani maziwa lala yaliyochachushwa, yenye bakteria hai, mapya kutoka dukani. Funika, acha mezani saa 12 hadi 18. Bakteria wa mala hupenda joto la nyuzi 20 hadi 24, na hilo ndilo joto la nyumba nyingi za hapa bila mtu kufanya lolote. Malai yatakuwa mazito, yenye uchachu mtamu na harufu kama ya karanga. Yaingize kwenye friji yalale, kisha suka kama kawaida. Hujitenga upesi zaidi, na siagi yake hukaa mdomoni baada ya kumeza. Ile ya kibuyu cha Bomet ina harufu ya moshi juu ya uchachu huu. Moshi wa kibuyu sijaweza kuupata kwa chupa, na sijaribu kuuiga.

Mtindi wa malai matamu hauna uchachu: tumia mahali pa maji kwenye unga wa chapati au mandazi, utaona ulaini wake. Wa malai yaliyotiwa mala ni mchachu na mwepesi. Unywe baridi, au ule na ugali. Umalize ndani ya siku tatu.

Na siagi ikikuzidi, au stima zikipotea siku nzima friji ikapoteza baridi, igeuze samli. Tia kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Itayeyuka, itatoa povu na kutokota kwa kelele. Hapa kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94, kwa hiyo joto litasimama hapo mpaka maji yote yaishe. Kelele ikitulia na mafuta yakawa maangavu, usitoke jikoni: sasa joto hupanda kwa kasi, na yale mashapo chini hugeuka kahawia ndani ya dakika chache. Yakianza kunukia kama karanga zilizokaangwa, zima, acha yatulie, chuja kwa kitambaa kikavu ndani ya chupa kavu. Gramu 200 za siagi huacha yapata gramu 160 za samli, isiyohitaji friji kwa miezi mradi usichovye kijiko chenye maji. Mashapo ya kahawia yaliyobaki kwenye kitambaa yakwangue, uyapake kwenye chapati ikiwa bado moto.